Nyumba Yenu, LUKU ya Nani?

Kodi ya majengo imepanda, tena inakatwa kimya kimya pale unaponunua umeme. Mke na mume wanaozozana kuhusu uniti huenda wanazozana kuhusu kodi bila wenyewe kujua.

Hivi kwenu nani ananunua LUKU? Usijibu haraka haraka. Katika nyumba nyingi za mjini jibu ni "yeyote aliye karibu na simu taa zikizimika". Leo baba, kesho mama, keshokutwa mdogo wake shemeji aliyekuja kusoma chuo anatumiwa hela kwenye simu anunue. Utaratibu huo haukuwa na tatizo lolote hadi Agosti 2021, pale kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye umeme tunaonunua.

Tangu hapo kumekuwa na kesi ndogo ndogo za sebuleni ambazo hazimfikii mshenga wala mchungaji. Mama kanunua umeme wa elfu tano tarehe mbili, uniti zimekuja kiduchu. Baba anauliza pasi ilikaa kwenye moto muda gani. Mama naye anakumbuka nani alilala na televisheni inawaka baada ya mpira wa usiku. Mwisho wa siku friji linasingiziwa, jirani anahisiwa kuiba umeme, na ule mstari wa makato kwenye ujumbe wa simu hakuna aliyeusoma. Yaani watu wazima wawili wenye digrii zao wananuniana kwa ajili ya shilingi 1,500.

Ndiyo, 1,500. Tuanze na hesabu, halafu tuje kwenye mapenzi.

Shilingi ngapi hasa?

Mwaka 2018 mambo yalikuwa mepesi: nyumba ya kawaida shilingi 10,000 kwa mwaka, na ghorofa la mjini 50,000 kwa kila sakafu. Makato ya LUKU yalipoanza mwaka 2021, nyumba ya kawaida ikawa 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kila mwezi, na ghorofa 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kila mwezi. Bajeti ya Julai 2023 ikapandisha tena: 18,000 kwa nyumba ya kawaida na 90,000 kwa ghorofa. Ndiyo hiyo 1,500 au 7,500 ya kila mwezi unayoikuta. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka 10,000 hadi 18,000 ndani ya miaka mitano ni ongezeko la asilimia 80. Mshahara wako uliongezeka hivyo?

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Aah, 1,500 si chipsi kavu tu hiyo." Inategemea unaishi vipi, ndugu yangu. Mtumiaji mdogo, yule asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, amezoea kupata uniti zake zote 75 kwa 9,150. Ukimkata 1,500 umemnyang'anya kama uniti 12, na hizo kwa mtu mwenye taa tatu na redio ni siku kadhaa za mwanga. Wewe mwenye friji, mashine ya kufulia na kiyoyozi chumbani unanunua uniti kwa bei ya juu, kwa hiyo makato yale yale ni kama uniti nne tu. Hutaona tofauti. Kodi ni moja, ila kwa mmoja ni kero na kwa mwingine ni giza.

Hapo ndipo naona mfumo huu una kasoro, na sitaificha. Nyumba ya chini yenye vyumba sita, bustani na bwawa la kuogelea kule Masaki ni "nyumba ya kawaida". Vyumba viwili na sebule kule Mbagala, bati halijapakwa rangi, nayo ni "nyumba ya kawaida". Zote 18,000. Lakini kijana aliyejibana akaweka sakafu ya pili kwenye kiwanja chake kidogo kwa sababu hakuwa na pa kujitanua, huyo ana ghorofa.

Haikuwa hivi zamani. Sheria ya mwaka 1983 ya kodi za majengo mijini ilitaka jengo lithaminiwe. Mthamini wa halmashauri anakuja, anatazama jengo, anaandika thamani kwenye daftari, na kodi inakuwa sehemu ya thamani hiyo. Kwenye karatasi ni haki tupu, mwenye nacho analipa zaidi. Kwa vitendo, miji ilikua mbio kuliko wathamini, maelfu ya nyumba hazikuwahi kuingia kwenye daftari lolote, na zilizoingia zilibaki na thamani za kale. Makusanyo yakahamahama kati ya halmashauri na TRA, hadi mwaka 2016 yalipopelekwa tena TRA. Wanaokumbuka foleni za mwaka 2017, watu wamejipanga juani na karatasi zao mkononi, hawana hamu ya kurudi huko. Kiwango kimoja kwa wote kilikuja kama nafuu, na LUKU ikaondoa foleni kabisa. Tuliondokana na foleni, tukaondokana na uthamini pia.

Na kabla hujaanza kuutamani uthamini, watazame majirani zetu. Nairobi kwa miaka mingi walikuwa wakilipa asilimia kubwa ya thamani ya kiwanja, lakini thamani yenyewe ilikuwa ile iliyoandikwa kwenye daftari la mwaka 1982. Kiwanja kilichogeuka dhahabu kilikuwa bado kinahesabiwa kama shamba la mihogo. Kaunti ilipoandaa daftari jipya la mwaka 2019, kiwango cha makazi kilishushwa hadi asilimia 0.115. Inasikika kama zawadi, sivyo? Ila thamani mpya zilikuwa zimepaa mno, kiasi kwamba wengi walijikuta na bili kubwa kuliko ya zamani. Mtu hakuongeza hata tofali moja. Mtaa umepanda bei, naye kapandishwa nao.

Kwetu hilo halijatufika kwa sura hiyo. Tuliyo nayo sisi ni kodi ndogo inayoingia nyumbani bila kubisha hodi na kumkuta yeyote aliyeshika simu. Na hapo ndipo mapenzi yanapoingia.

Mwenye risiti ndiye mwenye nyumba?

Chukulia wanandoa wa kawaida tu, mnaweza kuwa ninyi. Mmejenga pole pole, msingi mwaka huu, kupaua mwaka ule. Katika mgawanyo wa majukumu, mume kachukua "mambo makubwa": saruji, mabati, fundi, kodi. Mke kachukua "mambo madogo": chakula, gesi, sare za shule, daladala za watoto, dawa, mchango wa vikoba unaoishia kununua madirisha. Kila mmoja anatoa, pengine hata sawa kwa sawa. Sasa tazama tofauti. Mambo makubwa yana risiti. Nyanya za sokoni hazina.

Miaka kumi baadaye yanatokea maneno. Siwaombei mabaya, lakini gazeti hili halijaanza jana, barua zenu tunazisoma. Mwanamume anafungua bahasha, anatoa karatasi: mauziano ya kiwanja jina lake, mita ya umeme jina lake, risiti za kodi jina lake. "Nyumba ni yangu, kodi ninalipa mimi." Na mwanamke aliyelisha familia muongo mzima anabaki mikono mitupu, hata shahidi wa nyanya hana.

Sheria yetu haiko kipofu hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama, wakati wa kugawa mali, itazame mchango wa kila mmoja, uwe fedha, mali au kazi. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mama anayepika, anayefua na kulea hajakaa bure. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia alichoomba, maana mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Lakini mlango alioufungua wengi wamepitia baada yake.) Sheria hiyo hiyo ya Ndoa inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye karatasi ni moja.

Kwa hiyo kulipa kodi ya jengo hakukupi nyumba. Narudia kwa sababu nimesikia watu wakijidanganya: kodi haikupi hati. Wengi wetu tumejenga kwenye viwanja visivyopimwa, tuna karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa na basi, na kodi inakatwa vile vile. Mita yako haijui kama una hati au huna. Unachopata ni kumbukumbu, na kumbukumbu katika ndoa inatakiwa iwe ya wote wawili.

Ushauri wangu? Toeni kodi ya jengo kwenye kapu la "umeme". Ipeni mstari wake kwenye bajeti ya mwezi, pembeni ya ada na chakula. Mkubaliane ununuzi wa kwanza wa mwezi unafanywa na nani, maana makato huja na ununuzi ule wa kwanza, halafu mpokezane. Ujumbe wa risiti utumwe kwa simu zote mbili. Dakika moja tu. Na kama bado hamjaandikisha hati, ulizieni kuandika majina mawili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu mke na mume kumiliki kwa pamoja. Mwenzako akinuna ukitaja jina la pili kwenye hati, bora anune sasa mkiwa mnapendana kuliko siku nyingine.

Kwa mabinti na vijana ambao bado ni wachumba na mnajenga pamoja kabla ya ndoa, hilo la majina lianze na kiwanja. Mengi ya hayo niliyotaja juu yanalinda ndoa. Uchumba hauna ulinzi wa namna hiyo.

Nyumba si yako, kodi ni yako

Sasa tuje kwa wapangaji, ambao nadhani ndio wengi mnaosoma ukurasa huu. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Hilo halina ubishi. Lakini anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo anayekatwa ni wewe. Swali hili liliulizwa tangu mwaka 2021, na jibu lililotolewa ni kwamba mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane, mpangaji arudishiwe kwenye kodi ya pango.

Kukubaliana! Na baba mwenye nyumba wa Dar aliyekupokea kwa masharti ya kulipa miezi sita mkupuo, dalali juu ya hapo kachukua ya mwezi mzima? Wengi tunanyamaza. Tunaogopa kuonekana wachokozi kwa 1,500, na tunajua foleni ya wanaokitaka chumba hicho ni ndefu.

Lakini kukipangwa vizuri ni jambo dogo sana. Usidai kila mwezi, utaonekana msumbufu. Tunza risiti zako, na siku ya kulipa pango la kipindi kingine mwonyeshe hesabu: miezi sita ni 9,000, mwaka ni 18,000. Mwambie kwa adabu, "Mzee, hii ya serikali nilikulipia, naomba tuipunguze hapa." Wenye nyumba wengi si watu wabaya, hawajui tu kiasi kilichokatwa kwa sababu ujumbe haukuja kwenye simu zao. Na kama ndiyo kwanza unaingia, liandikwe kwenye mkataba. Sentensi moja inatosha.

Penye wapangaji watano na mita moja ya kuchangia, hapo kuna kasheshe nyingine. Kwa kawaida yule anayekusanya hela za umeme anagawa makato kwa wote pamoja na uniti, wala hasemi. Mwenye taa moja na mwenye jiko la umeme wanalipa sawa kodi ya nyumba isiyo yao. Ukiishi hivyo, omba makato yatajwe kabla ya kugawana. Ni haki yenu wote.

Mita mbili, nyumba moja

Wenye nyumba nao wana yao. Ulifunga mita ya pili kwa ajili ya vyumba vya uani ulivyopangisha, au fremu ya duka pale mbele. Mfumo ukaona mita mbili, ukakata mara mbili, ilhali jengo ni moja. Au umenunua nyumba na mita bado ina jina la aliyekuuzia. Au nyumba ya chini imeingizwa kwenye kundi la ghorofa na unakatwa 7,500. Haya yote yanarekebishika, lakini hakuna atakayekuja kuyarekebisha kwako. Mwenye jengo ndiye anayepaswa kwenda ofisi ya TRA na namba za mita zote na karatasi za umiliki, aeleze ni mita ipi ibebe kodi na zipi ziachwe.

Nyumba iliyokaa tupu nayo ina mtego wake. Umemaliza kujenga, umeme umevutwa, hamjahamia kwa sababu mnasubiri vigae. Miezi minane hakuna aliyenunua hata uniti. Kodi haikulala. Siku ya kuhamia unanunua umeme wa elfu kumi kwa furaha, na 12,000 zinakusubiri mlangoni. Kabla ya kumtukana fundi wa umeme, kumbuka kuhesabu miezi. Na kama jengo halina umeme kabisa, halijasamehewa kwa sababu hiyo. Linalipiwa TRA kwa namba ya malipo.

Nyumba ya mama

Kuna kundi moja ambalo vijana tunalisahau. Sheria inawasamehe wazee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba moja wanayoishi wenyewe, ile isiyo ya biashara. Watu wenye ulemavu wasio na kipato nao wamo kwenye msamaha. Lakini mita haijui umri wa mtu. Mama yuko Morogoro au Tanga, wewe mwanawe ndiye unayemtumia LUKU kila mwezi kutoka mjini, tena kwa moyo mweupe, na kila mwezi unamlipia kodi ambayo sheria ilishamwondolea.

Ongeeni na mwenzako kabla ya kulishughulikia, maana humu ndimo wivu wa ukweni unakojificha. Anayemtumia mama yake umeme bila kumwambia mwenzake atashikwa siku moja kwa ujumbe wa simu, na utamwona anajieleza kama aliyefumaniwa. Ikiwa mnazitunza nyumba tatu, yenu, ya kwao na ya kwenu, ni 4,500 kwa mwezi, 54,000 kwa mwaka. Mbili kati ya hizo pengine hazikupaswa kulipiwa hata senti.

Msamaha unaombwa. Mzee anahitaji kitambulisho kinachoonyesha umri wake, kielelezo kwamba nyumba ni yake na anaishi humo, na namba ya mita. Kama marehemu baba ndiye aliyekuwa na jina kwenye karatasi na mirathi haijafunguliwa, anzeni na hiyo mirathi, kwa sababu nyumba bado inasomeka kuwa ya marehemu. Likizo ijayo mkienda kumsalimia, mbali na kanga na sukari, bebeni kalamu. Mwombe mama akuonyeshe mita iko wapi. Mara nyingi iko nyuma ya mlango, imefunikwa na kalenda ya miaka mitano iliyopita.